Kuchagua Buti za Mpira kwa Mwindaji na Mtembezi wa Msitu Wenye Maji

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana dogo: namna ya kuchagua buti za mpira kwa mtu anayewinda, au anayefanya kazi inayofanana na uwindaji, katika nchi ya mvua, matope na mawe. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na taaluma ya Kiswahili. Uhusiano upo, tena wa namna mbili. Kwanza, lugha inayodai kuwa yaweza kufundishia sayansi haina budi iweze kueleza kiatu, kuanzia soli hadi ukingo wake wa juu, bila ya kukopa neno katika kila sentensi. Pili, vyuo vikuu vya mashariki ya Kongo hupeleka wanafunzi nyikani: wa biolojia, wa kilimo, wa jiografia, na hata sisi wa isimu tunaowafuata wazungumzaji hadi vijiji visivyo na barabara. Aghalabu mtu hununua buti jioni ya kuamkia safari, akiangalia bei na namba tu. Siku ya tatu anachechemea, na kazi yake imekwisha kabla ya kuanza. Wahenga walisema kwamba mtembezi hula miguu yake. Ole wake anayeimaliza kabla ya kufika.

Hoja yetu ni moja. Buti iliyo nzuri kwa kila mahali haipo. Buti huchaguliwa kwa kujibu maswali matatu: maji ya huko yana kina gani, ardhi yake ni ya namna gani, na mguu utakaa ndani ya buti kwa muda gani. Bei, rangi na jina la mtengenezaji huja baadaye. Anayeanza na bei hununua mara mbili.

2. Kitu na majina yake

Katika Kiswahili sanifu, kiatu kirefu kinachofunika kifundo cha mguu huitwa buti, neno lililotoka katika Kiingereza. Kile cha mpira huitwa buti ya mpira, na watu wengi wa Kenya na Tanzania husema gambuti. Katika Goma, Bukavu na Bunia, ambako lugha ya shule na ofisi ni Kifaransa, twasikia bote, au boti kwa wengine, kutokana na neno la Kifaransa botte. Hapa pana mtego. Kwa mzungumzaji wa Dar es Salaam au Mombasa, boti ni chombo cha majini chenye mashine. Mtu wa Goma akimwandikia mfanyabiashara wa pwani kwamba anahitaji boti ishirini za mpira, asishangae akitajiwa bei ya vyombo vya kujazwa upepo, vya kupandwa na watu baharini. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tutatumia buti peke yake.

Neno mpira nalo lina historia yake. Kabla ya kuwa jina la mchezo, lilikuwa jina la mmea na la utomvu wake. Katika misitu ya pwani na ya bara, utomvu huo ulitoka zaidi katika mimea itambaayo ya jenasi Landolphia, na katika karne ya 19 ulikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kupitia Unguja. Katika Kongo historia hiyo ni chungu. Baada ya John Boyd Dunlop kubuni tairi la upepo mwaka 1888, mahitaji ya mpira yaliongezeka mno duniani. Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II tangu 1885 hadi 1908, iliwalazimisha wanavijiji kuleta kiasi maalumu cha mpira, na walioshindwa walipigwa, walitekwa nyara au waliuawa. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 na maandishi ya E. D. Morel yaliutangazia ulimwengu ukatili huo. Waliopasua mimea hiyo waliingia katika misitu iliyofurika maji wakiwa miguu mitupu. Yafaa tukumbuke hilo tunaposhika buti dukani: kitu kinacholinda mguu leo kilianza kwa kuiangamiza miguu ya wengine.

Ama kuhusu sehemu za buti, maneno yapo tayari na hayahitaji kubuniwa. Soli ni sehemu ya chini inayogusa ardhi, na matuta yake huitwa meno. Kisigino ni nyuma. Bitana ni kitambaa cha ndani. Sehemu inayopanda kuzunguka shavu la mguu tutaiita shingo, na mwisho wake wa juu tutauita ukingo. Mnunuzi anayeyajua maneno haya sita anaweza kumweleza muuzaji anachokitaka badala ya kusema tu kwamba anataka nzuri.

3. Mwindaji tunayemzungumzia

Kabla ya kuendelea, yapasa tuseme wazi ni uwindaji upi tunaouzungumzia. Sehemu kubwa ya msitu ulio karibu na mji wa Goma imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Mfalme Albert, ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979, na katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1994. Humo kuwinda ni kosa. Nje ya hifadhi, Sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 iliweka utaratibu wa vibali vya kuwinda, na Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 iliimarisha ulinzi wa maumbile kwa jumla. Kwa hiyo, hakuna buti inayohalalisha kuingia mahali palipokatazwa.

Hata hivyo, ujuzi wa mwindaji haumhusu mwindaji peke yake. Mlinzi wa hifadhi anayetafuta mitego ya waya hufanya kazi ile ile: hufuata nyayo, husimama kimya, huvuka vijito, na hulala nje. Mtafiti anayehesabu viota vya sokwe, na mwongozaji anayewapeleka wageni kwa gorila, ni vivyo hivyo. Wote hao tunawaingiza katika neno mwindaji, kwa maana ya mtu anayemfuata mnyama msituni kwa miguu.

4. Njia tatu za kukabiliana na maji

Wanadamu wamejibu swali la maji kwa njia tatu, na kila moja ina mantiki yake.

Njia ya kwanza ni kwenda miguu mitupu. Katika msitu wa Ituri, Wambuti wameshika desturi ya kuwinda kwa nyavu: wanaume husimama penye nyavu zilizotandazwa kwa duara, na wanawake na watoto huwaswaga wanyama, hasa mboloko, yule swala mdogo wa msituni. Uwindaji huo hutegemea masikio. Unyayo uliokomaa tangu utotoni huhisi kijiti kabla hakijavunjika, na maji yakiingia hutoka yenyewe. Lakini njia hii haiwezi kuazimwa. Mwanafunzi aliyezoea viatu tangu utotoni hawezi kuvua siku moja na kuwa Mmbuti. Tena hata kwa aliyezoea, miba na minyoo havikosi kudai ushuru wao.

Njia ya pili ni kuyaruhusu maji yaingie na kuyapa njia ya kutoka. Jeshi la Marekani lilipopigana katika Vietnam, askari waliokaa siku nzima katika mashamba ya mpunga walipata vidonda vya miguu kwa kuloa mfululizo, ingawa maji yalikuwa ya joto. Buti zao za msituni zilikuwa na shingo ya kitambaa na matundu madogo karibu na soli, ili maji yachuruzike mtu anapotembea. Mwenye buti ya namna hii haogopi kuvuka mto unaofika kiunoni; anachohitaji ni kukausha miguu usiku.

Njia ya tatu ni kuyazuia maji yasiingie kabisa, na hiyo ndiyo kazi ya buti ya mpira. Inafaa mahali ambapo maji na matope hayapandi juu ya ukingo: njia ya tope, kinamasi kifupi, majani yenye umande, kijito cha kufika nusu ya ugoko. Mfano bora katika ukanda wetu ni milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Njia za huko hupita katika vinamasi virefu, na wapagazi pamoja na wageni wao huvaa buti za mpira kwa siku nyingi, wakibadilisha kwa viatu vya kupandia barafu huko juu tu.

Kutokana na hayo twapata kanuni ya kwanza. Pima maji kabla ya kupima kiatu. Maji yakizidi ukingo mara moja tu, buti ya mpira hugeuka kuwa ndoo: kila lita iliyoingia ni kilo moja ya kubeba, na haitoki mpaka uketi uvue. Katika mto wenye mkondo wa nguvu uzito huo waweza kumwangusha mtu. Kwa hiyo anayejua kwamba atavuka mito ya kina avae kiatu kinachotoa maji, au avue buti zake na kuvuka na viatu vingine, akiwa amezifunga buti begani.

5. Mpira na plastiki

Sokoni, vitu viwili tofauti huuzwa kwa jina moja. Cha kwanza ni mpira wa kweli. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua kwamba utomvu wa mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hauyeyuki tena kwa joto wala haukatiki kwa baridi. Mwaka 1853 Hiram Hutchinson, Mmarekani mwingine, alianzisha kiwanda huko Ufaransa karibu na mji wa Montargis, na wakulima waliovaa viatu vya mti wakaanza kuviacha. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, kiwanda cha North British Rubber Company cha Edinburgh kiliwatengenezea askari wa Uingereza waliokaa katika mahandaki yaliyojaa maji zaidi ya jozi milioni moja.

Cha pili ni plastiki iitwayo PVC, inayoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Buti hizi ni rahisi kutengeneza, na ndizo nyingi katika masoko yetu. Hazistahili kudharauliwa: kwa kazi ya shambani, ya machinjioni au ya kuosha magari zinatosha kabisa. Ila kwa anayetembea kilomita nyingi zina kasoro tatu. Plastiki ni ngumu, kwa hiyo hujikunja mahali pale pale kila hatua, na hapo ndipo hupasuka. Soli yake aghalabu huteleza kwenye jiwe lililoloa. Na ikitoboka, haishiki kiraka cha fundi wa baiskeli. Hutengenezwa kwa kuiyeyusha kwa chuma cha moto, na mara nyingi huachia tena.

Jinsi ya kuzitofautisha si jambo la siri. Buti ya plastiki huwa kipande kimoja, nayo huonyesha mstari wa kalibu kuanzia mbele hadi nyuma. Buti nyingi za mpira wa kweli zimeundwa kwa vipande vilivyobandikwa, na maungio yao huonekana. Kunja shingo kwa mkono: mpira hurudi polepole bila alama, plastiki huacha mstari mweupeweupe. Iwapo utaona unga mweupe umejitokeza juu ya buti nyeusi, usiikatae kwa kudhani imeoza. Mpira wa kweli hutoa unga wa namna hiyo, na hufutika kwa kitambaa. Kinachostahili kukataliwa ni nyufa ndogondogo kama za tope lililokauka, hasa mahali vidole vinapojikunja. Hizo zaonyesha kwamba buti imekaa juani miezi mingi, na haitadumu.

Nchi za baridi hutumia pia buti za neoprini, mpira wa viwandani uliotangulia kuundwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1930. Hizo huhifadhi joto. Kwa mwindaji wa nchi ya barafu ni neema. Kwa anayetembea mchana katika msitu wa Kongo ni jasho tupu, na jasho hulowesha soksi sawasawa na mvua.

6. Soli na ardhi yetu

Goma imejengwa juu ya lava. Mlima Nyiragongo, wenye mita 3,470, ulimimina lava iliyopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021 lava ikafika pembezoni mwa mji. Lava iliyopoa huacha mawe yenye makali kama chupa iliyovunjika. Kilomita chache tu kutoka hapo mtu hukuta udongo mwororo wa milimani, unaonata na kuteleza. Soli inayofaa ardhi moja haifai nyingine, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea.

Kwa tope, tafuta soli yenye meno marefu yaliyoachana, ili tope lidondoke lenyewe kila hatua. Meno yaliyobanana hujazwa tope mara moja, na buti huwa laini kama sahani. Buti za jeshi tulizozitaja zilipewa katika miaka ya 1960 soli ya namna hiyo, iitwayo soli ya Panama, kwa ajili ya udongo wa mfinyanzi. Kwa mawe ya lava, unene ni muhimu kuliko urefu wa meno: bonyeza soli kwa kidole gumba kutoka ndani na kutoka nje, ikiwa vidole vyahisiana, jiwe nalo litahisiwa na unyayo. Aliye na safari inayopita ardhi zote mbili achague soli nene yenye meno ya wastani, naye atembee polepole kwenye tope. Ni afadhali kuteleza kidogo kuliko kutobolewa.

7. Kipimo

Kipimo cha Kifaransa, ambacho ndicho cha kawaida kwetu, huhesabu theluthi mbili za sentimita kwa kila namba. Kipimo cha Kiingereza huhesabu theluthi moja ya inchi, na namba zake huwa ndogo. Kwa kuwa bidhaa za Goma hutoka pande zote, buti za namba 42 na za namba 8 zaweza kupangwa pamoja, nazo zinakaribiana sana.

Msomaji aweza kujipimia nyumbani. Simama juu ya karatasi jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa kazi ya mchana, ukiwa umevaa soksi utakazotumia. Weka alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu, kisha pima. Ongeza sentimita moja na nusu ya nafasi. Kwa mfano, mguu wa sentimita 26.5 huhitaji urefu wa ndani wa sentimita 28. Zidisha 28 kwa tatu, gawanya kwa mbili, utapata 42.

Namba pekee haitoshi, kwa kuwa buti ya mpira haina kamba za kukazia. Mtihani wa kwanza ni kisigino: tembea, panda ngazi, simama kwa vidole. Kisigino kikipanda sana ndani ya buti, tope litaishika buti na mguu utatoka mtupu; isitoshe, kusuguana huko huleta malengelenge kabla ya adhuhuri. Mtihani wa pili ni ukingo: chuchumaa kama anayejificha. Ukingo ukichoma nyuma ya goti, shingo ni ndefu mno kwako. Mtihani wa tatu ni shavu la mguu: vidole viwili vyapasa kuingia kati yake na shingo. Shingo ikiwa pana kupita kiasi hupigapiga mguu kila hatua, na mnyama huisikia sauti hiyo kabla hajakuona. Ikiwa nyembamba mno hubana damu, na kuvua buti jioni huwa kazi ya watu wawili.

Mtihani wa mwisho ni wa matundu. Dukani, ingiza tochi ndani ya buti na kuitazama mahali penye giza. Nyumbani, izamishe katika beseni la maji hadi karibu na ukingo, ikiwa tupu na kavu, kisha uipapase ndani.

8. Afya ya mguu

Tumesema kwamba swali la tatu ni muda. Buti inayozuia maji kuingia huzuia pia jasho kutoka. Mguu uliolowa kwa siku mbili au tatu mfululizo huwa mweupe, hukunjamana, hufa ganzi, kisha huchubuka na kuoza. Madaktari waliujua ugonjwa huu vizuri katika mahandaki ya mwaka 1914 hadi 1918. Kinga yake si buti bora, bali ni soksi kavu. Mwindaji na achukue jozi tatu: moja mguuni, moja inayokauka, na moja ya usiku isiyovaliwa kamwe wakati wa kutembea. Soksi za sufu ni bora kuliko za pamba, kwa kuwa pamba iliyolowa hushikamana na ngozi na kuikwangua.

Suala la suruali huulizwa sana: ndani ya buti au nje? Mvua ikinyesha, suruali iliyoingizwa ndani huyaongoza maji moja kwa moja mpaka kwenye soksi. Basi iwe nje. Penye siafu, suruali iwe ndani, nao wasipate njia ya kupanda.

Hatari nyingine ni nyoka. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na sehemu kubwa ya watu wanaoumwa huumwa unyayoni au chini ya goti. Buti ya mpira hupunguza hatari hiyo, lakini haiiondoi: nyoka wa msituni wa jamii ya kifutu, Bitis gabonica, ana meno yanayofikia sentimita 5. Nafasi kati ya shingo ya buti na mguu husaidia kuliko unene wa mpira. Kadhalika buti huzuia mabuu ya minyoo ya safura, yanayopenya ngozi ya mguu katika udongo wenye unyevu, na huzuia podokoniosi, aina ya matende isiyoletwa na mbu wala kuambukizwa, inayowapata watembeao miguu mitupu katika udongo mwekundu wa volkeno. Ugonjwa huo umethibitishwa katika Ethiopia, Rwanda, Uganda na Kamerun.

Mwisho, buti ya mpira huoshwa, ambapo ya ngozi hunywa uchafu. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ambao uliua watu 2,287, buti za mpira zilizonyunyiziwa maji ya klorini zilikuwa sehemu ya vazi la wauguzi. Anayeshika mizoga ya msituni, au anayewakaribia gorila wanaoambukizwa mafua yetu, hana sababu ya kufanya pungufu ya hapo: aoshe buti kabla ya kuingia msituni na baada ya kutoka. Baada ya klorini azisuuze kwa maji safi, kwa sababu klorini hula mpira.

9. Rangi, na macho ya watu

Wengi huamini kwamba buti ya mwindaji lazima iwe ya kijani ili mnyama asiione. Swala na jamaa zake hawatofautishi rangi nyekundu na kijani kama sisi. Huona mwendo na husikia harufu. Rangi ya buti, basi, inawahusu watu zaidi kuliko wanyama.

Katika nchi yetu jambo hili si la mzaha. Vijana wa AFDL walipoingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, wakazi waliwashangaa wengi wao kwa kuvaa buti za mpira. Waliitwa kadogo, neno la Kiswahili lenye kiambishi ka- cha udogo ambacho Kiswahili cha Kongo hukitumia sana na Kiswahili sanifu hakikipi nafasi. Tangu wakati huo, kwa watu wengi, buti nyeusi ya mpira pamoja na koti la kijani ni picha ya vita. Mapigano yalianza upya katika Rutshuru mwishoni mwa mwaka 2021, na Goma yenyewe ilitwaliwa na M23 Januari 2025. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wameuawa kazini katika historia ya hifadhi hiyo. Mtu anayetokea ghafla kwenye kichaka akiwa amevaa hivyo aweza kupigwa risasi kabla ya kusalimia. Mtafiti na achague buti ya njano, nyeupe au ya buluu ikiwa ipo, na nguo ambazo hakuna jeshi linalozivaa. Ajulishe wenyeji na wakuu wa mahali, na pasipo na usalama asiende. Hakuna utafiti unaolingana na uhai wa mwanafunzi.

10. Utunzaji

Adui wa mpira ni jua, moto na mafuta. Baada ya safari, osha buti kwa maji na sabuni, zipindue maji yatoke, zijaze karatasi kuukuu za magazeti, na uzianike kivulini. Kuziweka kando ya jiko ili zikauke upesi ni kuzipasua upesi. Usizipake mafuta ya taa wala grisi, kwa kuwa mpira huvimba na kulainika. Zihifadhi zikiwa zimesimama, zisikunjwe.

Tundu dogo la buti ya mpira hutengenezwa kama la tairi: kausha, kwangua kwa msasa, paka gundi ya baiskeli pande zote mbili, subiri ishike kidogo, bandika kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kandamiza. Mji wa chukudu, ambamo magurudumu ya mti huvikwa mpira wa matairi, haukosi mafundi wa kazi hii. Anayekwenda mbali achukue gundi na kipande cha mpira mfukoni.

11. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuchagua buti ni kuisoma ardhi kabla ya kuikanyaga. Maji yakiwa chini ya ukingo, vaa mpira. Yakizidi, vaa kiatu kinachotoa maji. Tope lataka meno yaliyoachana, lava yataka soli nene. Safari ndefu yataka kisigino kisichopanda na soksi kavu za usiku. Na popote, mwonekano wako usimtishe mwenye bunduki.

Kwa upande wa lugha, msomaji ameona kwamba maneno tuliyoyahitaji karibu yote yalikuwepo: soli, meno, bitana, shingo, ukingo, kiraka, kalibu. Yapo vinywani mwa mafundi wa viatu, wachuuzi na wawindaji, nasi tulio vyuoni twapaswa kuyakusanya kabla ya kuunda mapya. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu yake na aanze kwa fundi aliye karibu na mlango wa chuo, amwombe amtajie sehemu za kiatu moja baada ya nyingine, na aandike.